PASIPOTI NI AMANA: TUMFUNGE NGAMIA KABLA YA SAFARI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila mwenye kufuata nyayo zao. Ama baad.



Kila mwaka watu wetu wanasafiri. Huyu kapata nafasi ya kusoma Madina, yule anakwenda Hija, mwengine anakwenda Muscat au Dubai kutafuta riziki, na wengine wanavuka mpaka tu kwenda harusini Mombasa. Nyumba inashughulika wiki nzima. Kanzu zinashonwa, bizari zinasagwa, dua zinasomwa, na siku ya kuondoka mtaa mzima unatoka kuaga. Yote haya ni mazuri. Lakini katika shughuli zote hizo, ni nani anayemkalisha msafiri chini akamuuliza: pasipoti yako inakwisha lini? Viza yako inakuruhusu kufanya nini? Ukiipoteza utakwenda wapi? Sanduku hili umefunga mwenyewe?

Rai yangu katika makala haya ni kwamba elimu ya hati za safari si jambo la kuachiwa mawakala na watu wa ofisini. Ni sehemu ya malezi, na madrasa zetu zina wajibu wa kuifundisha kama zinavyofundisha swala ya msafiri. Kijana wetu anajua masharti ya kupunguza swala na kukusanya. Ni haki yake pia ajue masharti ya kuvuka mpaka, kwa sababu akikwama huko, swala ataipunguza akiwa mahabusu.

TAWAKKUL SI UZEMBE

Wapo watakaosema: mtegemee Mungu, mengine yatajipa. Tuwakumbushe kwa upole. Bedui alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga kwa kuwa anamtegemea Mungu, alifundishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi. Tena katika Suratul Baqara, aya ya 197, Mwenyezi Mungu (S.W.) amewaamrisha mahujaji wachukue masurufu, na akawakumbusha kuwa masurufu bora ni uchaMungu. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza, katika riwaya ya Bukhari, kuwa aya hii ilishuka kwa sababu ya watu wa Yemen waliokuwa wakija Hija bila ya chochote, wakidai kuwa wao wanamtegemea Mungu, kisha wakifika Makka wanaombaomba watu.

Zama hizi masurufu si tende na maji peke yake. Pasipoti iliyo hai ni masurufu. Nchi nyingi zinataka iwe imebakisha miezi 6 tangu siku unayoingia. Kijana mwenye pasipoti iliyobakisha miezi 2 anaweza kurudishwa kwenye uwanja wa ndege wa kwetu hapa hapa, tiketi imekwisha lipwa kwa michango ya watu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni masurufu pia. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali kuwa cheti hicho ni cha maisha, lakini kinaanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Anayechanjwa leo akasafiri kesho bado hajawa na cheti halali mkononi.

SI JAMBO JIPYA KWA WAISLAMU

Wengine husema kuwa pasipoti na mipaka ni mambo ya wakoloni, na kwamba zamani Muislamu alitembea dunia nzima bila kuulizwa. Ni kweli kuwa mipaka mingi ya Afrika ilichorwa na wakoloni. Lakini si kweli kwamba wasafiri wa Kiislamu hawakuulizwa karatasi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza habari za kituo cha Qatya, njiani baina ya Misri na Sham. Hapo mizigo ilikaguliwa, ushuru ulitozwa, na hakuna aliyeruhusiwa kupita bila ya barua ya ruhusa. Usiku mchanga ulisawazishwa, na asubuhi uliangaliwa kama una nyayo za mtu. Ukionekana mguu, watu walitumwa kumfuata aliyepita kwa siri.

Basi ndugu zangu, hata katika dola ya Kiislamu, miaka mia saba iliyopita, msafiri aliombwa hati na mpita njia za panya alifuatwa. Tusijidanganye kuwa kuheshimu utaratibu wa mpaka ni unyonge wa imani.

VIZA NI AHADI

Masheikh wengi wa zama hizi wameifananisha viza na amani, yaani ule mkataba wa usalama ambao wanavyuoni wa fiqhi waliuzungumza zamani. Wenyeji wanakupa ruhusa ya kuingia kwao kwa sharti maalumu, nawe unakubali. Kuanzia hapo unaingia katika amri ya kutimiza ahadi, iliyo katika Suratul Maida aya ya 1 na Suratul Israa aya ya 34. Aliyepewa viza ya matembezi kisha akaenda kufanya kazi amevunja ahadi. Aliyepewa siku 30 akakaa miaka 2 amevunja ahadi. Hili ni kosa mbele ya sheria ya nchi, na ni deni mbele ya Mola wake.

Tuangalie yaliyotokea Hija ya mwaka 2024. Joto lilipita nyuzi 50 Makka. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kuwa waliofariki walikuwa 1,301, na kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali cha Hija. Wengi wa aina hiyo huingia kwa viza ya matembezi, wameuziwa safari na mawakala kwa bei nafuu. Asiye na kibali hana hema Mina, hana basi, hana mahali pa kupumzika penye ubaridi. Anatembea juani masafa marefu, na anaogopa hata kuomba msaada asije akakamatwa. Tunawaombea wote rehema na malipo ya nia zao. Lakini tuwaambie walio hai ukweli: wakala anayekwambia kuwa viza ya matembezi inatosha kwa Hija anakuhatarishia roho yako, na ibada inayowajibika kwa mwenye uwezo haikulazimishi uidanganye njia yake.

ISITOKE MKONONI

Jambo linaloumiza zaidi ni la dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi hizo Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Walihojiwa wanawake 50, na karibu wote walieleza kuwa pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala. Ukishachukuliwa pasipoti, hata mlango ukiwa wazi huwezi kwenda mbali. Hulipwi mshahara, unanyamaza. Unapigwa, unanyamaza. Ukikimbia, kafili anaripoti kuwa umetoroka, na mwenye makosa unakuwa wewe.

Na hili halina ruhusa katika sheria za nchi hizo zenyewe. Oman ilitoa waraka wa kuwakataza waajiri kushikilia pasipoti tangu mwaka 2006. Qatar, kwa sheria yake namba 21 ya mwaka 2015, imeweka faini kwa mwajiri anayefanya hivyo, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe ameomba kwa maandishi atunziwe. Angalieni hapo: kwa maandishi. Ndiyo maana binti anawekewa karatasi ya Kiarabu mbele yake na kuambiwa atie sahihi haraka. Sisi tunajisifu kuwa watoto wetu wanasoma Kiarabu. Basi Kiarabu chetu kisiishie kwenye nahau na sarfu. Mwanafunzi wa darasa la juu anayeweza kusoma mkataba na kumweleza shangazi yake kilichoandikwa amefanya ibada kubwa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kuna familia zinazokubali binti aongezwe umri ili apate pasipoti na aonekane mtu mzima. Siku akipata matatizo, baba anakwenda kulalamika kuwa mwanangu ana miaka 16, na hati zinasema ana miaka 22. Ubalozi utamsaidia mtoto gani, wa maneno au wa karatasi? Uongo ule tulioukubali kwa ajili ya mshahara ndio unaomfungia mlango wa kutokea.

Jambo jengine ni kujua pasipoti yako iko wapi kila wakati. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Khartoum ilikuwa na wanafunzi wengi kutoka Afrika Mashariki, hasa katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika. Wanafunzi wa Kitanzania walitolewa mwezi huo huo kwa njia ya Ethiopia. Lakini Wasudani wengi waliokuwa wamepeleka pasipoti zao katika balozi za nchi za Magharibi kuomba viza walikwama. Balozi zilifungwa na maofisa wakaondoka, pasipoti zikabaki ndani. Ubalozi wa Marekani uliziharibu pasipoti zilizobaki kwake, ili zisije zikaangukia mikononi mwa watu wabaya. Fikiri hali ya mtu aliyefika mpakani, risasi nyuma yake, na hana karatasi ya kumtambulisha.

Ni kweli kuwa kuna wakati lazima uiache pasipoti, kama unapoomba viza au ikama. Lakini uwe na stakabadhi, uwe na nakala, na ujue tarehe ya kuifuata.

SANDUKU LA MTU NI MZIGO WA MTU

Desemba 2018 binti mmoja mwanafunzi kutoka Nigeria alikwenda Umra pamoja na mama yake na dada yake. Baada ya kufika alikamatwa, kwa sababu lilipatikana begi lenye jina lake ndani yake mna dawa za kulevya. Begi lile hakulijua. Uchunguzi uliofanywa kwao ulionyesha kuwa watu wa uwanja wa ndege wa Kano walilibandika jina lake bila yeye kujua. Aliachiwa mwisho wa Aprili 2019, baada ya miezi 4 kifungoni, katika nchi ambayo adhabu ya kuingiza dawa za kulevya inaweza kuwa kifo. Ikiwa asiyejua kitu yalimpata hayo, je, yule anayekubali kwa hiari yake bahasha au kopo la mtu asiyemjua?

Kwetu sisi kukataa mzigo wa mtu kunaonekana ni ubaya. Mtu anakuja na mfuko mkononi usiku wa kuamkia safari: "Mpelekee mwanangu dawa za miti shamba." Jibu la haki ni hili: fungua tuone pamoja, mbele ya watu. Akikasirika, mwache akasirike. Sanduku ufunge mwenyewe, ulifunge kufuli, na vile vikaratasi vya mizigo unavyopewa uwanjani uvihesabu kabla hujaondoka dirishani. Vikizidi mizigo yako, sema hapo hapo.

JINA MOJA, HERUFI ZILE ZILE

Hapa nataka kuzisema madrasa zetu wenyewe. Mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mohamed Salim Ali. Shuleni ameandikwa Mohammed Salum. Kwenye shahada ya madrasa ameandikwa Muhammad bin Salim. Sote tunajua ni mtu mmoja. Lakini chuo cha ng'ambo kinaona watu watatu, na nafasi ya masomo inaweza kupotea wakati baba anahangaika kutafuta hati ya kiapo.

Napendekeza kuwa kila madrasa, tangu siku ya kumwandikisha mtoto, iandike jina la herufi za Kilatini kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na shahada itolewe kwa jina hilo. La Kiarabu liandikwe kando yake. Kazi hii haina gharama, inataka uangalifu wa katibu tu. Na asiye na cheti cha kuzaliwa, mzazi ahimizwe akitafute mapema, asingoje viza iwe imetoka.

MPAKA WA KARIBU NAO NI MPAKA

Watu wa Tanga na Kwale ni ndugu. Wadigo na Wasegeju wako huku na wako kule. Kwa hiyo wengi huona uzito kugongesha muhuri Horohoro na Lunga Lunga, ilhali anakwenda kwa mjomba wake tu. Anapita njia ya panya, anahudhuria harusi, na mambo yanakuwa salama mara kumi. Mara ya kumi na moja anakamatwa barabarani hana muhuri wa kuingia, na hapo haulizwi mjomba ni nani. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuwa katika mpango huo, hivyo asidhani kuwa kitambulisho chake kinatosha kwa kuwa amesikia cha mwenzake kimetosha. Raia wa Afrika Mashariki hahitaji kununua viza kwa safari hii. Kinachotakiwa ni pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, na dakika chache za kupanga foleni. Hakuna maulidi wala harusi iliyoharibika kwa ajili ya foleni.

UKIPATWA NA TATIZO

Nayaandika haya kwa ufupi, ili mwanafunzi aweze kuyanakili na kuyatia mfukoni:

1. Kabla ya safari toa nakala 3 za ukurasa wa pasipoti wenye picha na wa viza. Moja kaa nayo mbali na pasipoti yenyewe, moja mwachie mzazi, na moja iweke kwenye simu. Andika kwa mkono namba ya ubalozi wa nchi yako, kwani simu huzimika.

2. Ukipoteza pasipoti, nenda polisi kwanza ukachukue taarifa ya maandishi. Kisha nenda ubalozini na taarifa hiyo, nakala na picha. Pale pasipo na ubalozi wenu, ulizia ni ubalozi gani wa nchi ya jirani unaosimamia nchi hiyo. Hati ya dharura utakayopewa ni ya kukurudisha nyumbani, si ya kuendelea na matembezi.

3. Ukishatoa taarifa kuwa pasipoti imepotea kisha ukaiona, usiitumie tena. Namba yake huenda imekwishaingizwa katika orodha ya Interpol ya hati zilizopotea na kuibwa, iliyoanzishwa mwaka 2002, na utazuiwa mpakani nayo ikiwa mkononi mwako.

4. Ukikamatwa, omba ubalozi wako ujulishwe. Hii ni haki yako kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, kifungu cha 36. Omba mkalimani, na usitie sahihi usichokifahamu.

5. Ukipitisha muda wa viza, usijifiche. Kila siku inaongeza faini. Nchi za Ghuba hutoa msamaha mara kwa mara, kama ule wa Umoja wa Falme za Kiarabu ulioanza Septemba hadi Desemba 2024, ambapo waliopitisha muda waliruhusiwa kuondoka bila kulipa faini. Waliokuwa wakiwasiliana na balozi zao walipata habari mapema.

6. Mbele ya afisa sema kweli, jibu ulichoulizwa, usifanye mzaha na usitoe rushwa. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji.

Hapo kwenye nukta ya mwisho najua kuna uchungu. Baada ya mwaka 2001 Waislamu wengi wamewekwa pembeni viwanjani kwa sababu ya jina au ndevu au hijabu, wakaulizwa maswali ambayo wenzao hawaulizwi. Ni dhulma, na tunayo haki ya kuilalamikia kwa maandishi baadaye, kwa jina la kituo, tarehe na saa. Lakini mwenye hati zilizonyooka anadai haki yake akiwa amesimama wima. Mwenye hati zilizopinda hata akidhulumiwa atanyamaza, kwa kuwa anaogopa ya kwake yasifunuliwe.

TUANZE NA NINI?

Wapo walimu watakaosema kuwa kazi ya madrasa ni Qur'ani, na muda hautoshi. Nami sitaki hata juzuu moja ipunguzwe. Nataka siku mbili tu kwa mwaka, kabla ya likizo ya Ramadhani, wanafunzi wa madarasa ya juu wakutanishwe na afisa wa uhamiaji, na aliyewahi kusoma nje, na dada aliyefanya kazi Ghuba akarudi, kama atapenda kuzungumza na wasichana. Nataka kila msikiti uwe na daftari la watu wake walioko ng'ambo: jina, mji, namba ya simu na namba ya pasipoti, likatunzwa na mtu mwaminifu. Mtume (S.A.W.) aliwafundisha watu watatu wakisafiri wamweke mmoja kuwa kiongozi wao. Dini iliyojali hata watu watatu njiani haitaki mmoja wetu apotee Jeddah au Muscat, na sisi hapa tusijue hata namba ya pasipoti yake.

Pasipoti ni kijitabu kidogo, lakini ndani yake mna jina alilokupa baba yako, nchi yako, na ahadi uliyowapa watu wa kwao. Ni amana, na amana zimeamrishwa zirudishwe kwa wenyewe zikiwa salama, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 58.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, baharini na angani, awafungulie walio kifungoni kwa dhulma, awarudishe waliokwama kwa wazee wao, na atujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.